Mke wa Ndege Isiyonunuliwa

Mimi si mtu wa kugombana na mtu asiyekuwepo. Nina kazi, nina nyumba, na hao waliopo peke yao wananitosha kunipandisha mori. Lakini yule mwanamke alinizidi. Alinichukulia mume mchana kweupe, mbele ya kamati nzima, na hakuwa hata amezaliwa. Ukimfuata umkabe koo, utakaba hewa.

Ngoja nianze na ndege, maana ugomvi wote ulitoka huko.

Kabla hata sijaajiriwa kambini, wakubwa wa jeshi la anga walitaka kununua ndege za kivita. Zikaletwa aina mbili wazitazame. Moja nyembamba, ya injini moja, askari wakaiita Sindano. Nyingine pana, ya injini mbili, wakaiita Pacha. Wakazijaribu, wakazisifu, wakabishana mpaka wakanuniana. Mwisho mtu mmoja akachukua kamba, akaenda kupima mlango wa banda la ndege, akaona Pacha haipiti. Basi, hiyo ndiyo sababu. Wakanunua Sindano. Vitabu vya wataalamu vikawekwa kabatini na ulinzi wa nchi ukaamuliwa na mlango.

Sindano zimeruka miaka yote hii na hakuna aliyelalamika. Lakini kuna watu hawatulii na walichonacho, na mmoja wao alikuwa mkubwa. Akataka kujua mambo yangekuwaje laiti wangenunua Pacha. Akaunda kitengo kichunguze, kilete majibu kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikapita, mkubwa akastaafu, kitengo kikabaki. Jina lake rasmi ni refu la kukata pumzi. Sisi wa kambini tunakiita Kitengo cha Ingekuwa, na mwenyekiti wake, rubani mstaafu mwenye sharubu na upole wa kukera, tunamwita Bwana Ingekuwa. Hata mke wake humwita hivyo.

Na msifikiri hao watu wanatania. Walipewa banda kuukuu la mizigo, na humo wamechora Pacha kwa chaki, moja baada ya nyingine, kwa vipimo vyake halisi. Kwa kuwa sakafu haikutosha, mabawa yamepanda ukutani. Kwenye pua ya kila ndege kuna kiti cha ofisini chenye magurudumu, na kwenye kila kiti kuna rubani. Rubani wa kweli, mwenye vyeti, aliyekula kiapo. Kanuni inasema ndege haihesabiwi mpaka iwe na rubani aliyepangiwa. Haisemi popote kwamba lazima ndege yenyewe iwepo. Kuna siku mfagiaji alipiga deki akafuta mkia wa mojawapo, akapewa onyo kali kwa kugonga ndege ya jeshi ikiwa imeegeshwa.

Mume wangu ni mmoja wa marubani hao. Alihamishiwa huko mgongo ulipoanza kumsumbua. Kila asubuhi anavaa ovaroli yake ya kurukia, anakumbatia kofia ngumu, anakwenda kukaa. Jioni anarudi amechoka, analalamikia upepo. Mwanzoni nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma.

"Leo mmefika wapi?" namuuliza.

"Mpakani," anajibu, na ukimtazama machoni unaona kweli ametoka mpakani.

Na mimi ni mkunja miavuli. Ile ya kuwaokoa marubani, si ya mvua, maana kuna watu wananiletea ya mvua niwatengenezee. Kazi yangu ni meza ndefu, kitambaa chepesi kisicho na mwisho, na kamba nyingi zinazopenda kusokotana. Mwavuli wa rubani haukunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika kamba na kuvuta, mwingine anapanga mikunjo. Anayevuta akilegeza, mnaanza upya. Tena tuna sheria moja ambayo hatuichezei: rubani akimuuliza mkunjaji kama mwavuli utafunguka, mkunjaji hajibu kwa mdomo. Anauvaa, anapanda ndege, anaruka. Kama unaogopa, katafute kazi nyingine.

Mimi niliolewa kwa sheria hiyo. Rubani kijana, shingo ndefu, maringo tele, alikuja mezani kwangu, akaushika mwavuli kwa vidole viwili kama kitu kinachonuka, akasema, "Dada, una hakika utafunguka?" Chumba kizima kikaacha kukunja. Nikamnyang'anya, nikauvaa, nikapanda ndege ya mizigo iliyokuwa inaondoka, nikaruka. Nilitua nyuma ya jiko la kambi, kwenye dimbwi la maji ya vyombo. Akanijia mbio, viatu havijafungwa kamba, anahema, uso umempauka. "Umeumia?" Nikamwambia, "Shika huko, uvute." Tukaukunja palepale kwenye matope mpaka tukamaliza, na sikumbuki kama tulisema kitu kingine. Mengine yalifuata yenyewe: harusi, nyumba, watoto, na kugombana.

Sasa mwaka huu Kitengo cha Ingekuwa kikagundua jambo. Katibu wao, mtu wa tai, anayekohoa kidogo kabla ya kila neno zito, aliniita ofisini. Akanipa kiti cha mgeni. Akanimiminia chai mwenyewe. Nikajua hapa kuna msiba.

"Mama," akasema, "hii ni taarifa tu. Unajua Pacha haipiti kwenye mlango wa banda la hapa."

"Kila mtu anajua."

"Kwa hiyo zingewekwa kambi nyingine. Kwa hiyo mume wako angepangiwa kambi nyingine." Akakohoa. "Kwa hiyo hamngeonana."

"Nani na nani?"

"Wewe na yeye."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia wangepanua mlango, wanaume wazima hawashindwi na mlango. Akasema hilo wamelichunguza kwa makini, lakini fundi mwashi angekuwa mgonjwa.

"Ebo! Angeumwa nini?"

"Meno," akasema, na huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Haikuishia hapo. Ikaonekana nyumba za kambi ile zingekuwa za wenye familia tu, na rubani hawezi kulala nje. Kamati ikakaa, ikampa mume wangu mke. Mke wa makisio. Walimjadili vipengele vyote, kama wanavyojadili injini. Mpole. Hapandishi sauti. Chai yake haizidi sukari. Anapenda redio ya chini. Anawaheshimu mawifi. Kamati yote ikampitisha kwa kunyoosha mikono.

"Na mume wangu alikuwepo?" nikauliza.

"Alikuwepo."

"Akasema nini?"

Katibu akakohoa mara kadhaa. "Hakusema kitu, mama. Alikuwa angani."

Nilifika nyumbani navuta pumzi kama nimebeba jiwe. Mume wangu akaniambia, "Ni kazi tu, mke wangu. Ni makisio." Sawa. Ni makisio. Lakini kesho yake akanyoa ndevu kabla ya kwenda kukaa kwenye chaki. Keshokutwa nikamkuta anapunguza redio. Siku nyingine akaonja chai yangu, akaiweka chini taratibu.

"Sukari imezidi kidogo," akasema.

"Imezidi kuliko ya nani?"

Akakunywa yote bila kuniangalia.

Nikampigia simu wifi yangu, dada yake mkubwa, aje amseme mdogo wake. Akaja kwa moto, akafunga kanga kiunoni, akaenda mwenyewe mpaka kitengoni kuwapasha. Alirudi amepoa.

"Wifi," akasema, "mimi nakupenda, unajua. Lakini huyo mwenzio si mtu mbaya."

"Mwenzangu nani?"

"Wamenieleza kila kitu. Angeninunulia makochi." Akaifungua kanga kiunoni. "Ya kahawia."

Tangu siku hiyo akija kwetu anakaa huku anakipapasa kiti chake kwa masikitiko. Jamani, nimeishi na mawifi, najua vituko vyao, lakini wifi kushawishiwa na makochi ambayo hayapo, hilo sikuwahi kulisikia.

Jioni moja mimi na mume wangu tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nasugua, yeye anafuta. Nikamuuliza, tena kwa utulivu, "Ungempenda?"

Akafikiri. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba alisimama na sahani mkononi akafikiri.

"Hagombi," akasema. "Ningekuwa nafika nyumbani, pako kimya."

Nilikwenda chumbani nikalia. Nalisema wazi, nililia kama mtoto. Nimegombana na yule mtu tangu siku ya kwanza, juu ya viatu, juu ya redio, juu ya upande upi wa kitanda ni wa nani, na siku zote nilidhani huko ndiko kuzungumza kwetu. Kumbe mwenzangu alikuwa anavumilia. Kumbe kuna nyumba huko, isiyokuwepo, ambayo angependa kurudi.

Ndipo mvua ikanyesha.

Banda la mizigo linavuja, hilo linajulikana. Asubuhi hiyo mume wangu alikuwa kitini, anaruka zake, maji yakaanza kushuka kutoka darini moja kwa moja juu ya ndege yake. Yakafuta injini ya kushoto. Akatoa taarifa kwa sauti, kama anavyotakiwa. Yakafuta na ya kulia. Bwana Ingekuwa akapuliza filimbi, kazi yote ikasimama. Ndege ya kivita ilikuwa angani na haina injini hata moja.

Mimi nilikuwa mezani kwangu, namaliza kufunga mwavuli, wakaja kuniita haraka. Nikaenda nao mgongoni, kwa sababu mwavuli ambao haujakaguliwa hauachwi peke yake. Nikamkuta mume wangu katikati ya dimbwi, kofia kichwani, viatu vimelowa chapachapa, mikono imeshika kiti. Wifi naye alikuwa ameshafika, sijui nani alimwambia, amesimama mlangoni anajikunyata.

"Toka hapo utapata homa," nikamwambia mume wangu.

Katibu akakohoa. "Hawezi kutoka, mama. Yuko juu."

Walikuwa wamemletea chai. Kikombe kilikuwa sakafuni nje ya mstari wa chaki, kinapoa, kwa sababu hakuna aliyejua utampaje mtu chai akiwa juu kiasi hicho.

Kamati ikaweka meza mbele ya pua ya ndege. Bwana Ingekuwa akasimama, akanyoosha sharubu. "Shemeji, pole kwa usumbufu. Tunakuomba kama mtaalamu wetu wa miavuli. Ndege haiwezi kuokolewa tena. Rubani amejirusha nje. Swali ni moja tu: mwavuli wake ungefunguka, au usingefunguka?"

"Ukifunguka inakuwaje?"

"Amepona. Anaendelea na kazi, anarudi kwa..." Akatazama dari. "Anarudi nyumbani kwake kule."

"Na usipofunguka?"

"Amefariki, Mungu amrehemu. Tunamwondoa kitengoni, anastaafu. Anabaki nyumbani huku."

"Kwako," Katibu akaongeza, akidhani ananisaidia.

Hebu fikiria nafasi niliyopewa. Neno moja tu. Niseme haufunguki, na yule mwanamke ni mjane hapohapo, na sharubu zote hizi hazimwoni tena mume wangu, na yeye yuko kwangu, sebuleni, na redio naipandisha sauti nitakavyo. Wala isingekuwa kumsingizia mtu. Wakunjaji wa kambi ile hawapo, siwajui, ningeweza kuwaita wavivu na wasingepata wa kuwatetea. Nilifungua mdomo. Naapa, niliufungua kabisa.

Halafu nikamtazama. Mtu mzima, mvi zimejaa, yuko kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu, na anaanguka. Cheka ukitaka. Mimi sikucheka. Nimewapokea marubani walioanguka kweli, nayajua macho yale. Wala hakuwa anaitazama kamati, alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa na hasira naye ya kutosha kuwasha moto. Lakini nikajua siwezi. Siwezi kumwacha aanguke, hata mahali pasipokuwepo, hata kama huko chini anasubiriwa na mwingine.

"Utafunguka," nikasema.

Katibu akaandika. "Kwa sababu gani, mama?"

"Kwa sababu niliukunja mimi."

Kalamu ikasimama. "Samahani, mama. Wewe hungekuwepo kambi ile. Tulikwisha kukueleza. Ule mlango..."

"Mlango ni wenu. Mimi ningeomba uhamisho."

"Lini?"

"Mara tu ningesikia." Sauti ilikuwa imenipanda, nikaiacha ipande, mwenye sauti ya chini ana nyumba yake. "Ningesikia kuna kambi mpya, na ndege mpya, na rubani mmoja mwenye shingo ndefu anayeshika miavuli ya watu kwa vidole viwili na kuuliza ovyo. Ningefunga mizigo siku hiyohiyo. Mngenunua Sindano, mngenunua Pacha, mngewanunulia baiskeli, ningehama nimfuate. Andika hivyo. Mbona huandiki?"

Bwana Ingekuwa akatikisa kichwa kwa ule upole wake. "Shemeji, tunakuelewa. Lakini maneno matupu hatuwezi kuyapokea. Una hakika utafunguka?"

Hapo ndipo alipoyakoroga. Marubani wote kwenye viti vyao waligeuka kumtazama, maana hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua swali hilo haliulizwi hivihivi. Bwana Ingekuwa mwenyewe aliruka maisha yake yote, ila kukaa na mambo yasiyokuwepo kulikuwa kumemsahaulisha yaliyopo. Nikaona sharubu zinamshuka. Alikuwa amechelewa.

Ukutani, palipochorwa ncha ya bawa, kulikuwa na ngazi ya mafundi. Nikaanza kuipanda.

"Mama, ngazi hiyo imekatazwa!" Katibu akapiga kelele.

"Wifi, shuka, utatuaibisha!" wifi naye.

Magoti yaliniuma, mimi si wa juzi. Kufika juu nikaziona Pacha zote kwa pamoja kwa mara ya kwanza, pua zimeelekea mlango mmoja, na sitakuwa mchoyo, zilichorwa vizuri. Pale juu palikuwa pa kuvunja mguu, si pa kuvunja shingo. Nikavuta mpini wa kufungulia. Mwavuli ukafunguka, kitambaa chote kikamwagika ukutani kikafunika bawa lao. Nikaruka.

Kamba zilinasa kwenye ngazi zikanishika kidogo, zikaachia, nikatua kwa makalio kwenye maji ya chaki.

Nilichosikia kwanza ni kiti kupinduka. Kisha viatu vilivyolowa vinakuja mbio. Alikanyaga pua ya ndege yake, akakanyaga ndege ya mwenzake, akafuta mabawa ya ile nyingine kwa kuteleza, na nyuma yake Bwana Ingekuwa anapuliza filimbi, "Rubani! Uko angani! Rubani!" Wala hakugeuka. Kofia ilikwisha kuanguka. Alinifikia anahema, uso umempauka.

"Umeumia?"

Kiuno kilikuwa kinawaka moto. "Shika huko," nikamwambia, "uvute."

Akazikusanya kamba, akarudi kinyumenyume mpaka kitambaa kikanyooka juu ya ndege zao zote. Nikapiga magoti nikaanza kupanga mikunjo. Mikono yake haikuwa imesahau chochote.

"Usinipandie ngazi tena!" akaanza, na sauti haikuwa ya chini hata kidogo. "Umri huo! Magoti hayo! Huna akili wewe mwanamke, ningekuokota vipande!"

"Na wewe uliyekaa kwenye maji kutwa nzima una akili?"

"Mimi nilikuwa kazini!"

"Na mimi niko wapi, sokoni?"

Tukafokeana hivyo huku tunakunja, mikunjo inakaa sawasawa, na wenzake wanatuangalia kutoka angani. Kutoka mlangoni wifi akauliza, "Sasa na makochi yangu?"

Katibu akaja taratibu, anakwepa kukanyaga kitambaa. Akakohoa. "Samahani, afande. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Yule mke mwingine tumwandikeje?"

Mume wangu alikuwa bado anagombana na mimi kuhusu ile ngazi. Akageuza kichwa kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa katikati ya mazungumzo.

"Mke gani?"

"Vuta," nikamwambia. "Umelegeza."